Nywele za Mke wa Damien

Masizi ndiyo yaliyomuumbua Mwavita. Wiki nzima alikuwa amejificha, tena kwa ufundi, na pengine angeendelea kujificha kama mtoto asingeamka alfajiri ile akilia njaa kabla mama yake hajapata nafasi ya kufunga kitambaa.

Mama Marthe, mama mkwe wake, alikuja kumpokea mjukuu baada ya kunyonya, kama alivyofanya kila asubuhi. Akamweka begani, akamgeuza, akaliona shavu. Akalamba kidole gumba, akalifuta. Kidole kikatoka cheusi. Akalifuta tena, kisha akainua macho polepole kutoka kwa mtoto mpaka kwenye kichwa cha mkwewe, na Mwavita akajua siri yake imekwisha.

"Ni nini hii?"

"Ni masizi, Mama. Nilikuwa naosha sufuria."

"Sufuria ya wapi? Moto bado hata kuwashwa."

Mama Marthe akanyosha mkono, akapitisha kidole kwenye panja la mkwewe, taratibu, kama mtu anayeogopa atakachokikuta. Weusi ukatoka wote. Chini yake palikuwa ngozi tupu, kuanzia juu ya sikio mpaka karibu na utosi.

"Mungu wangu. Mwavita, nywele yako imeenda wapi?"

Zilikwenda zilikokwenda, jamani. Zilianza kuondoka mtoto wake Kapinga alipotimiza miezi mitatu. Kwanza zilibaki kwenye kitana, chache, za kusameheka. Kisha zikawa zinabaki kwenye mto, kwenye maji ya kuogea, kwenye kiganja cha mtoto aliyekuwa na tabia ya kushikashika wakati ananyonya. Siku moja Mwavita alifumua msuko, na msuko ukabaki mkononi mwake mzima, pamoja na uzi wake. Akaufukia nyuma ya jiko huku machozi yanamtoka bila sauti. Tangu hapo akawa anachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya ngazi za mchikichi, anajipaka kwenye mapanja, anavuta kitambaa mpaka kwenye nyusi. Ukimtazama kwa mbali ungeapa ana nywele. Lakini mtoto hanyonyeshwi kwa mbali.

Alikuwa ameuliza, tena kwa mtu mmoja tu, jirani yao Mama Françoise, mwanamke aliyezaa mpaka akachoka kuhesabu.

"Ni uzazi huo," Mama Françoise alimwambia, akicheka. "Nywele ya mimba inaangukaka. Miye, kwa mutoto wangu wa pili, nilibakia kama kuku ya kunyonyolewa. Bwana yangu alikuwa anaogopa kuniangalia saa ya kula! Usilie, mama. Inarudiaka yenyewe."

Maneno hayo yangemtosha mwanamke yeyote mwenye mume nyumbani. Mwavita hakuwa na mume nyumbani. Alikuwa na mume kwenye treni, na treni hiyo iliondoka Kalemie kwenda Kabalo wiki ile ile vita ilipoingia mjini. Reli ikakatwa nyuma yake. Mwaka mzima sasa majani yalikuwa yanaota katikati ya mataruma, askari walikuwa wanalala ndani ya stesheni, na Damien hakuwa ametuma hata salamu.

Katika ukoo wa Mama Marthe mke hunyolewa kichwa mara moja tu maishani: mumewe anapokufa. Mama mkwe ndiye anayemnyoa, juu ya mkeka, mbele ya watu, na kilio kinaanzia hapo. Baada ya matanga ndugu wa marehemu anamrithi, anamchukua yeye na watoto. Mke ambaye hajanyolewa bado ni mke, hata mumewe awe amepotea miaka. Na liko jambo moja wanalolisema kwa sauti ya chini: wembe ukipita kwenye kichwa cha mke ambaye mumewe yu hai, huyo mume, popote alipo, hapati siku nyingi.

Ndiyo maana Mwavita alikataa kunyolewa. Tangu mvua zilipokatika, watu wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kumzika Damien mioyoni mwao, na walikuwa wanamngoja yeye tu. Naye alisema hapana, mume wangu ni mzima, kichwa changu hakiguswi. Alikilinda kichwa kile kama roho ya Damien ilikuwa imefungwa kwenye misuko. Na sasa kichwa chenyewe kilikuwa kinamsaliti.

"Unaona?" Mama Marthe alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. Ingekuwa na ukali ingekuwa afadhali. "Kichwa yako imejua mbele yako. Imeanza kilio yenyewe. Sisi njo tunachelewa."

"Ni uzazi, Mama. Mama Françoise alisema ni uzazi tu."

"Françoise anajua nini? Nimezaa watoto sita, hakuna hata nywele moja ilinianguka. Mutoto wangu anakuambia kutoka kule aliko: bibi, nimechoka kukungoja unililie. Weye unajipaka masizi!"

"Damien ni muzima."

"Basi aniambie! Atume hata muntu, atume hata kofia yake!" Mama Marthe aliketi kitandani, mjukuu kifuani. Machozi yakaanza kumtiririka, naye hakuyafuta. "Mwaka muzima niko nalia ndani ya tumbo, Mwavita. Wenzangu wakifiwa wanalia, watu wanakuja, wanawaletea bukari ya kula, wanalala nao kwenye mukeka. Miye sina ruhusa ya kumulilia mutoto wangu niliyemuzaa, sababu weye unasema hapana. Unaona kama ni haki?"

Mwavita alipiga magoti mbele yake. Alimpenda mwanamke huyu, na hilo lilizidisha uchungu. "Munipe hata mwezi moja, Mama."

"Kwa mwezi moja hautabakia na kitu ya kunyoa." Mama Marthe akasimama. "Kesho asubuhi nitatandika mukeka. Nitamuambia Germain alete wembe mupya."

Mwavita alibeba beseni la nepi, akamfunga mtoto mgongoni, akateremka mpaka mto Lukuga. Alitaka maji na ukimya. Angeweza kwenda kwao, lakini kwao hakukuwa na mtu. Baba yake, Mzee Twahiri, mfanyabiashara wa vitambaa, alivuka ziwa kwenda Kigoma na jamaa yote vita ilipoanza, na hata kabla ya hapo alikuwa amemkana binti yake. Hakumtaka Damien. Hakutaka dini yake, na zaidi hakutaka kazi yake. "Muntu wa reli hana mulango," alikuwa akisema. "Leo analala Kabalo, kesho Kamina." Na Damien naye, katika siku zile za uchumba, alikuwa anaingia dukani kununua kitenge baada ya kitenge, mpaka mzee akabaki anajiuliza kijana huyu ana dada wangapi. Alikuwa hanunui kitenge. Alikuwa anatazama misuko ya binti aliyepima kitenge.

Ah, jinsi alivyozipenda nywele zile! Akirudi safari alioga kwanza, akatoa grisi yote chini ya kucha, kisha akaketi nyuma ya mkewe na kuzifumua, moja moja, bila haraka. Mwavita alikuwa anafumba macho. Mikono ya mumewe ilinukia sabuni. Usiku mwingine hawakuzungumza hata neno, na asubuhi alijikuta hajasukwa na hana aibu.

Alipoinamia maji aliona uso wake, kitambaa kimelegea. Akakivuta haraka, ingawa pale hapakuwa na mtu wa kumwona. Kumbe alikuwepo.

"Shemeji," sauti ilisema nyuma yake. "Mama ameniambia."

Alikuwa Germain, mdogo wa Damien. Alikuwa na kifua kipana cha mtu wa kupakua mashua bandarini, na macho yasiyokaa mahali pamoja. Mwaka wote huo ndiye aliyeilisha nyumba. Mashua zikitoka Moba alikuwa akirudi na ndagala, dagaa wa ziwani, ndani ya kofia, anaziweka mlangoni, anaondoka kabla hajashukuriwa. Uchungu ulipomshika Mwavita, mji umefungwa kwa risasi, ni yeye aliyempakia kwenye kinga, akaisukuma baiskeli ile mpaka maternite huku amejikunyata kumkinga kwa mgongo wake. Hakuwa ameoa. Na mara nyingi Mwavita, akigeuka ghafula, alimkuta anamtazama, naye huangalia chini kama aliyekamatwa na kitu cha watu.

"Ni vizuri umekuja," Mwavita alisema. "Niko na neno. Weye tu njo unaweza kuniokoa."

"Sema."

"Kataa kunirizi. Muambie mama haunitaki. Ukikataa, hataharakisha wembe."

Germain aliokota jiwe, akalitupa mtoni, akaokota jingine. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Sababu itakuwa uongo." Akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amjue. "Nakutaka, Mwavita. Hata hivi, na kitambaa hiki. Hata bila unywele moja. Ninakupenda tangu siku ile kaka alikuleta kwetu, na nimejikaza mpaka nimechoka."

Mwavita aliona moyo wake unagonga, na akauchukia kwa kugonga. Mwanamke aliyekuwa anajipaka masizi ili asijione kwenye maji alikuwa ameambiwa anatakwa. Ni kitu kitamu, hata kikitoka mahali pabaya. Akainama juu ya nepi, akasugua.

"Na Damien akirudi? Utamuambia nini?"

"Hatarudi."

"Weye na mama yako mumoja. Nani alikuambia?"

Germain aliligeuza jiwe mkononi, akaangalia pembeni kama mtu anayejua kitu, na mikono ya Mwavita ikasimama ndani ya maji.

"Germain. Nani alikuambia hatarudi?"

"André. Ule alikuwa anafanya naye kazi kwenye treni. Alitoka Kabalo kwa miguu, akapitia Moba, akakuja na mashua. Nilimupakulia muzigo mimi mwenyewe."

"Alimuona wapi? Kaburi yake iko wapi?"

"Hakuna kaburi. Ni muzima." Sasa maneno yalimtoka kwa mfululizo, kama mtu anayetua gunia. "Ni muzima, amenona. Iko na nyumba kule Kabalo, karibu na gare ya treni. Iko na muke."

"Muke wake ni miye."

"Anaitwa Sylvie. Wakati ule ilikuwa na mimba."

Mbali, ng'ambo ya mto, wanawake walikuwa wanapiga nguo kwenye mawe, na Mwavita alilisikia kila pigo. Kisha akauliza swali ambalo, kama asingeliuliza, angebaki na kitu mkononi.

"Aliuliza juu yangu?"

"Aliuliza kama mama ni muzima."

"Na miye? Alijua niko na mimba. Nilimuambia siku ile alipanda treni."

"Mwavita, acha."

"Nimekuuliza!"

"Alimuambia André akifika huku aseme hakumuona." Germain alifuta uso kwa kiganja. "Alisema ni vizuri zaidi mumuhesabie kama wale wengine walipotea."

Kapinga aliamka mgongoni, akaanza kunung'unika. Mama yake alimtikisa bila kujua kwamba anamtikisa. Hakulia. Alikuwa anafikiri juu ya baiskeli.

"Tangu lini unajua?"

"Mbele mutoto azaliwe."

"Kumbe siku ile ya kinga. Nilikuwa naita jina lake njia yote. Nilikuwa nasema, Damien, usife, nakuletea mutoto. Weye ulikuwa unasukuma kinga, unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mama yako, anakondeana kila siku, unamuona, unanyamaza."

"Nilijisemea, mama akikunyoa, kaka atakuwa amekufa na heshima yake. Weye hautaitwa muke wa kuachwa. Hakuna atakayekucheka."

"Na weye ungenipata."

"Ndiyo," Germain alisema. "Na miye ningekupata."

Mwavita alisimama. Alikuwa na nepi mkononi, maji yanamchuruzika mpaka miguuni. "Unajua desturi yenu, Germain. Unajua wembe ikipita kwa muke wa muntu muzima wanasema nini. Mama yako hajui kama Damien ni muzima. Weye unajua. Ulitaka achukue wembe na mukono wake."

"Ni maneno ya wazee tu ile. Siamini."

"Hauamini? Ao ulitaka ifanye kazi?"

Uso wa kijana yule ukazeeka mbele ya macho yake.

"Kaka yako amenidanganya kwa kunyamaza," Mwavita alisema, akiinua beseni. "Weye vilevile. Tofauti yenu ni ndagala tu."

Asubuhi mkeka ulikuwa umetandikwa uani, karibu na jiko. Mama Marthe alikuwa amevaa kitenge chake cheusi. Aliweka bakuli la maji, sabuni, na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Germain alikuwa amesimama kando ya ukuta, macho mekundu, mikono haijui ikae wapi. Watu wengine hawakuwa wamealikwa. Katika mtaa ule watu hawaalikwi kilio, wanakisikia.

Mama Marthe alikuwa amejiandaa kwa vita. Alifikiri atamburuta. Alipomwona Mwavita anatoka ndani mwenyewe, mtoto mkononi, anaketi kwenye mkeka, ananyosha miguu na kufungua kitambaa, alishika mdomo. Kichwa kile kwenye jua la asubuhi kilikuwa kitu cha kuhuzunisha: huku mapanja matupu, kule vishungi vya nywele vilivyosahauliwa.

"Umekubali?" Mama Marthe alinong'ona. "Oo, mwanangu. Oo, Damien wangu!" Akavuta pumzi ya kuanzia kilio alichokibana mwaka mzima.

"Mama, musilie," Mwavita alisema. "Damien ni muzima."

Angeweza kunyamaza. Usiku kucha alikuwa amelifikiria hilo: amwache mama wa watu amlilie mwanawe aliye hai, awe amelipiza kisasi kwa kaka na mdogo wake bila kuinua kidole. Hakuweza. Akasimulia yote, Kabalo, nyumba, Sylvie, mimba, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni. Mama Marthe alimgeukia Germain, na Germain akainamisha kichwa, akakubali.

Mnajua alichofanya mama yule? Alicheka. Alicheka, akapiga makofi, akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akanyosha mikono juu. "Ni muzima! Aksanti Yesu! Mutoto wangu anakula, analala, ni muzima!" Furaha ya mama haina adabu, na Mwavita hakumlaumu kwa hilo. Aliketi tu, akingoja imalizike.

Ilimalizika Mama Marthe alipomwona bado ameketi, shingo imeinama.

"Simama, mwanangu. Funga kitambaa. Hakuna kilio hapa."

"Muninyoe, Mama."

"Nikunyoe nini? Hujasikia weye mwenyewe unachosema? Ni muzima!"

"Mutoto wenu ni muzima. Bwana yangu njo alikufa. Alituma muntu aseme hakumuona. Muninyoe."

"Utamuua!" Mama Marthe alimwangukia, akamfunika kichwa kwa mikono yote miwili, kichwa kile kile alichokuwa anakidai tangu kiangazi kianze. "Mwavita, nakuomba. Ni uzazi tu! Françoise alikuambia ni uzazi tu, nywele inaangukaka, inarudiaka! Ngoja tu. Nitakupaka mafuta mimi mwenyewe, nitakusuka, itarudi yote!"

Basi hapo ndipo machozi yalipomjia Mwavita, kwa ajili ya mikono ile ya kizee iliyokuwa inashikilia nywele zake chache zisianguke. Hakuna aliyezishika hivyo tangu treni ilipoondoka.

"Musinililie, Mama," alisema. "Haiko kosa yenu."

Akaitoa mikono ile, mmoja kisha mwingine, akamweka mtoto kwenye mapaja ya bibi yake ili mikono hiyo ipate kazi. Akaichana karatasi ya wembe. Germain akaruka kutoka ukutani.

"Mwavita! Usifanye vile. Ni kaka yangu!"

"Leo njo kaka yako?" Alimtazama tu, na kijana akasimama alipokuwa. "Usinikaribie. Na usinitandikie kitanda. Muntu ambaye ni muzima haachi urizi, Germain. Miye si wa kurizishwa kwa yeyote."

Alinyoa bila sabuni. Wembe mkavu ulilia juu ya ngozi, ukamkata karibu na sikio, damu ikashuka shingoni, naye akaendelea. Mama Marthe alikuwa amefumba macho, anatikisika mbele na nyuma, anasema jina la mwanawe bila sauti. Vishungi vilianguka kwenye mkeka kimoja kimoja. Havikuwa vingi. Kazi aliyoiogopa mwaka mzima ilikwisha kabla mtoto hajaanza kulia.

Mama Françoise alikuwa anakuja kuomba moto. Aliingia uani na kipande chake cha chungu mkononi, salamu imefika nusu, akaona mkeka, akaona wembe, akaona kichwa kinachong'aa kwa damu na jua. Chungu kikamwanguka. Akaweka mikono kichwani.

"Yo-o-o! Damien! Damien amekufa!"

Hakuna aliyewahi kumzuia Mama Françoise akishaanza. Sauti yake ilivuka kuta, na mara mtaa ukajibu. Wanawake wakaja wakikimbia, vitenge vimefungwa ovyo, mmoja na unga mikononi, mwingine na mtoto nusu ameoga. Walijaza uwanja. Walimkumbatia Mwavita, wakamwita maskini, mjane mdogo hivi. Walijitupa miguuni pa Mama Marthe, wakalia naye kilio walichokuwa wamemwekea mwaka mzima.

Mama Marthe hakulia. Aliketi wima katikati yao na mjukuu mapajani, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeamshwa ugenini. Neno moja tu lingetosha kuwarudisha wote nyumbani. Angesema: nyamazeni, mwanangu yu hai, amenona, ana mke mwingine, alimtuma mtu atuambie hakumwona. Mwavita alimtazama na kumngoja alitamke. Asingemzuia. Germain naye alikuwa anamtazama.

"Mama Marthe," mwanamke mmoja mzee aliuliza, akimshika goti. "Pole sana, mama. Alikufia wapi?"

Mama Marthe aliwatazama wale wanawake, nyuso zao zimelowa machozi ya kweli. Akamtazama mwanawe aliyebaki. Akamtazama mkwewe, kichwa kitupu, damu inakauka shingoni.

"Kabalo," alisema.

Kisha sauti ikamtoka, kubwa, ya kutoka tumboni, akaanguka kifudifudi akimlilia Damien. Mwavita akamchukua mtoto, akasogea pembeni, akampisha nafasi kwenye mkeka.